Kuku Aliyerudishwa

Moshi wa kuni za mikoko haufanani na moshi mwingine. Unakwaruza koo, una uchungu wa gome na shombo ya tope, na ukichanganyika na mvuke wa maji ya chumvi yanayochemka, basi hukaa kwenye nywele siku nyingi hata uoge kwa sabuni gani. Mpaka leo, mtu akipita na mzigo wa kuni zile hapa mtaani kwetu Lindi, mimi hugeuka kabla sijajua kwa nini nimegeuka. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi kasikia harufu ya usichana wake. Siwabishii, maana ni kweli. Ila hawajui kwamba usichana wangu ulinukia hofu, na kwamba hofu yenyewe ilianza kwa kicheko.

Kijiji chetu kilikuwa pwani ya Kilwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka njia panda ya Nangurukuru, mahali ambapo nyumba zinakoma, mikoko inaanza, na nyuma ya mikoko kuna jangwa, uwanda mtupu wa tope gumu jeupe ambako mchana hata kaa hapiti. Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikuwa watu wa aina mbili tuliowekwa pamoja. Walikuwepo wenyeji wa pwani, akina mama yangu, waliojua bahari na chumvi. Na walikuwepo Wamatumbi waliohamishwa kutoka vilimani, walioacha mikorosho yao na makaburi ya wazee wao, wakaja na majembe begani wakapewa viwanja vilivyonyooka. Baba yangu alikuwa Mmatumbi pia, lakini yeye alishuka zamani kufuata kazi ya mkonge, akamwoa mama, akabaki. Ndugu zake walipoletwa na malori ya serikali walimkuta ameshazoea kula samaki. Kaka yake mkubwa, Mzee Mbonde, ambaye mimi namwita baba mkubwa, hakuizoea pwani hata siku moja. Alisema udongo wetu unakula jembe na hauna shukrani. Wa vilimani waliuhesabu mwaka kwa mvua, wa pwani kwa kujaa na kupungua kwa bahari, bamvua na maji mafu, na nyumbani kwetu hesabu zote mbili zililala kitanda kimoja.

Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa Mwalimu Komba, Mngoni wa Songea, mrefu, mwembamba, mwenye mwanya na maneno mengi. Zamani Wangoni waliwavamia babu zetu wakaswaga ng'ombe na watu, na vita vile vilipokwisha vikageuka utani. Anayejua utani wa kusini hahitaji kuelezwa, asiyeujua nimwambie hivi: mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, mbele ya yeyote, na huna haki ya kukasirika. Anaweza kuja msibani kwako akalala kaburini, akakataa maiti isizikwe mpaka apewe chochote. Ukimpa, hata kama ni ugoro au kuku, anainuka, anacheka, na kazi inaendelea. Anayetania na anayelipa wote wanajua mwisho wake uko wapi. Baba mkubwa na Mwalimu Komba walikuwa hawapiti njiani bila kutupiana. Mwalimu ataamkia, "Shikamoo mateka wangu," na baba mkubwa atajibu, "Marahaba mwizi wa mbuzi." Sisi watoto tulikuwa tunawafuata makusudi ili tusikie.

Mwaka niliofika darasa la saba, Mwalimu Komba aliitisha mkutano wa wazazi. Tangu shule ile ifunguliwe hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno, na watoto wa mjini walizichota wakazimaliza. Mwalimu alisema sisi si wajinga, ila hatuna taa. Mchana tunalima, tunachota maji, tunabeba wadogo zetu, na jua likizama nyumba nzima ina kibatari kimoja nacho kinazimwa mapema. Alitaka darasa la saba tulale shuleni miezi ile ya mwisho, tusome kwa karabai, tule pamoja. Lakini kambi inataka mafuta ya taa, inataka unga, inataka karatasi. Wilayani alishakwenda, akaambiwa elimu ni ya kujitegemea, ajitegemee. Mikorosho ya shule ilikuwa bado michanga, inafika magotini. Wazazi wakatazamana. Mwenyekiti wa kijiji akakohoa, na pale kwetu mwenyekiti akikohoa maana yake shauri limekwisha.

Ndipo mama akasimama. Alikuwa mfupi, mnene, na hakuwa na kawaida ya kusema mkutanoni, lakini akisema alisema kama anayemalizia mazungumzo aliyoyaanza peke yake jikoni. "Chumvi ipo," akasema. "Bahari haidai mbegu wala jembe. Nipeni watoto baada ya masomo, nitawafundisha kupika." Wanawake wa pwani wakacheka kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jambo walilolifanya na bibi zao tope likiwafika mapajani linaweza kumpeleka mtoto sekondari. Baba akamtazama mama kwa jicho ambalo sikulielewa siku ile. Alikuwa na fahari, nadhani, na alikuwa na wasiwasi. Wakulima wote wa kusini wana neno lao la chinichini kuhusu wapika chumvi. Husemi kwa sauti, lakini unajua: anayepika chumvi anataka jua, na anayetaka jua hapendi mvua.

Kazi ile niliipenda, sitaficha. Bamvua likishapita na maji yakirudi, jangwa lilikauka likaacha utando mweupe, nasi tukaukwangua kwa vifuu. Tuliutia udongo ule kwenye makapu makubwa yaliyotandikwa majani, tukamwagia maji ya bahari juu, na chini yakadondoka maji mazito yenye chumvi kali ya kuchoma ulimi. Hayo ndiyo tuliyoyapika ndani ya pipa la mafuta lililopasuliwa ubavuni, moto ukiwaka mchana kutwa. Chumvi ilipoganda mama aliipakua kwa kata ya kifuu, akaiweka juu ya jamvi, nayo ikang'aa mpaka macho yanauma. Tuliifunga kwenye makanda, mifuko ya kusukwa kwa miyaa. Wavuvi wa Kilwa Kisiwani waliichukua kwa ajili ya ng'onda, samaki wao wa kukausha, na nyingine ilikwenda juu Mitole, kwa wakulima, ikarudi mihogo na mahindi. Haba na haba hujaza kibaba. Karabai ikanunuliwa, ikatundikwa kwenye boriti ya darasa, na jioni ya kwanza Mwalimu Komba alipoipampu na utambi ukapasuka kwa mwanga mweupe, tuligeukiana wote. Sikuwa nimewahi kuona sura za wenzangu vizuri hivyo baada ya magharibi. Nikajiambia mimi nitakwenda sekondari. Sikumwambia mtu, lakini kuanzia jioni ile sikutaka kitu kingine duniani.

Mvua za kupandia zilitakiwa zianze wakati sisi tuko katikati ya kambi. Hazikuanza. Mawingu yalikuja kutoka baharini kila alasiri, meusi, mazito, yakasimama juu ya mikoko, yakakaa, halafu yakapita kwenda zake bila kuacha hata tone. Baba na ndugu zake walikuwa wamekwisha kupanda vumbini, kama kawaida yao, mbegu zikisubiri ardhini. Kila asubuhi baba alikwenda shambani akafukua shimo moja kwa kidole, akaitazama mbegu, akaifukia. Nyumbani mama akasali sala yake na baba akasali yake, na wote wawili walijua mwenzake anaomba nini. Hawakugombana. Walipunguza maneno tu, mpaka nikirudi kuchukua nguo nasikia sahani zinavyowekwa chini.

Katika mkutano wa kijiji baba mkubwa ndiye aliyeanza. Alisema kwa sauti ya utani, akimwelekeza Mwalimu fimbo, "Ninyi Wangoni zamani mlituibia ng'ombe, sasa mmeona ng'ombe hatuna mmetufungia na mvua. Mnapika chumvi, mnafunga mawingu." Watu wakacheka. Mwalimu Komba akasimama akajinyoosha, mwanya wake wazi. "Ni kweli, mateka wangu," akasema. "Mvua nimeifunga mimi. Imo ndani ya pipa, nimeifunika. Wanangu wakimaliza mtihani nitaifungua, mlime mpaka mchoke." Kicheko kilichofuata kilitikisa uwanja. Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti alifuta machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa ameshinda. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anafunga kanga yake kiunoni, akaifungua, akaifunga tena. Njiani aliniambia neno moja tu, kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nikaona mama hajui kufurahi.

Siku ile mtihani ulikuwa karibu, na nadhani ndiyo maana watu walicheka kwa raha. Walikuwa wanasema, haya, tuvumilie, wamalize. Kisha akaja afisa elimu kwa pikipiki, vumbi likimfuata mpaka mlangoni mwa darasa, akaleta habari kwamba mtihani umesogezwa mbele. Sababu sikumbuki, labda karatasi zilichelewa, labda barabara. Mwalimu Komba alifurahi, maana alipata muda zaidi wa kutufundisha hesabu za riba. Alitoka nje akawatangazia wazee waliokuwa wanajenga uzio wa shule, kwa moyo mweupe kabisa: mtihani umesogezwa. Wazee wakaacha kazi. Baba mkubwa alikuwa ameshika kamba mdomoni, akaitoa polepole. Akauliza, "Na mvua?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisubiri kicheko, nikamwona anavyosubiri, mdomo wake ukiwa tayari. Kisha akasema, "Mzee, mvua ni ya Mungu." Lingekuwa jibu zuri siku ya mkutano. Siku hiyo lilisikika kama mtu anayekana deni.

Tangu hapo kijiji kikabadilika kama maziwa yanavyobadilika, huoni dakika yenyewe ila ukionja unajua. Tulipokwenda kisimani, akina mama wa vilimani walitupisha tuchote kwanza, kwa adabu nyingi kupita kiasi, halafu wakayamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo zao na kuchota upya. Maji yenyewe yalikuwa yanashuka na kuwa na ukakasi wa magadi. Wadogo zetu waliambiwa wasiguse nguo za kambi. Asubuhi moja tulikuta makapu yetu ya kuchujia yamegeuzwa midomo chini, yote, yamepangwa mstari mmoja. Hakuna kilichoibwa wala kuvunjwa. Mama aliyageuza juu moja moja, akatuambia tuendelee na kazi. Kijijini ikafanyika sala ya kuomba mvua, tukatoka wote uwanjani, wazee kwa watoto, nguo tumezigeuza ndani nje. Baada ya sala niligeuka nikaona watu hawatazami mbinguni. Wanatazama moshi wetu, uliokuwa umesimama wima juu ya mikoko.

Mwenyekiti alikuja shuleni akakaa kwenye dawati mbele yetu, magoti yakimgota kifuani. Akazunguka kwa maneno, mwisho akasema shida yake: mtihani huo hauwezi kufanywa hata kesho? Mwalimu Komba akamweleza kwamba mtihani unatoka serikalini, unafanywa nchi nzima siku moja. Mwenyekiti akatikisa kichwa kama anayeelewa. Akasema, "Basi zungumza nao." Sisi madawatini tulibanwa na kicheko na woga kwa pamoja. Mwalimu naye alicheka, kwa ukarimu wake, na hilo halikusaidia. Kesho yake, mbele ya gwaride, alitangaza kwamba alikuwa anatania tu. Lakini mtani hatangazi kwamba anatania. Anayetangaza ana lake.

Ndipo akaletwa yule kuku. Baba mkubwa alikuja mwenyewe, amevaa kanzu, na wazee wawili nyuma yake. Mkononi alikuwa na tetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa ukindu, na mzee mmoja alishika kibakuli cha unga wa mtama. Ulikuwa unga wao wa mwisho, nilijua, kwa sababu nyumbani kwa baba mkubwa walikuwa wameanza kuchimba ming'oko, mizizi ya porini, na kuila. Wakaketi chini mbele ya ofisi, miguu wameikunja. Baba mkubwa akasema, taratibu, kwa heshima, "Mtani, tumekuja kulipa. Umetulalia kaburini, ni haki yako. Pokea, uinuke." Darasa zima tulichungulia dirishani. Mimi moyo wangu ulitulia, nikajua yamekwisha, maana ndivyo yanavyokwisha. Atampokea kuku, atasema neno la kipuuzi, watacheka, na mvua ije isije itakuwa haimhusu tena.

Mwalimu Komba alimtazama kuku kwa muda mrefu. Namwelewa sasa kuliko nilivyomwelewa siku ile. Alikuwa mwalimu mkuu, alikuwa na mafunzo yake, siku zote alikuwa akitueleza darasani habari za mvuke na mawingu na upepo, na sisi tulikuwa dirishani tunamwangalia. Akimpokea, atakuwa amekiri mbele ya watoto kwamba mtu anaweza kufunga mvua. Na aliwaona wazee wale walivyokonda, akaona aibu kula kuku wa mwenye njaa. Sababu zote mbili zilikuwa za mtu mwema. Akasema, "Mzee wangu, siwezi kumchukua huyu. Rudini naye nyumbani, wakapate watoto." Akainama akamrudisha kuku mikononi mwa baba mkubwa kwa mikono yake yote miwili.

Niliona mabega ya baba mkubwa yakishuka. Hakukasirika. Alisimama akajikung'uta kanzu, akasema, "Tumekusikia, mwalimu." Hakumwita mtani. Hakumwita mtani tena mpaka mwisho. Yule tetea alilia njia nzima, na sisi tulimsikia mpaka alipopotelea kwenye kona ya msikiti.

Siku zilizofuata wanaume walikuja shuleni na kukaa. Walitoka mashambani ambako hakukuwa na cha kufanya, wakaja na mapanga yao kama mtu yeyote anavyotembea na panga, wakakaa ukingoni mwa uwanja kuanzia saa za asubuhi mpaka adhuhuri, wakitutazama tunavyoandika. Wazazi wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua watoto wao. Madawati yakabaki na mapengo. Kila aliyeitwa nje alikusanya daftari zake bila kututazama. Mimi niliacha kusikia linalofundishwa. Nilikuwa nasikiliza nyayo tu, nikizijua za baba zilivyo, kwa sababu mguu wake mmoja uliumizwa na mkonge na huburuta kidogo.

Zikaja. Baba alisimama mlangoni akasema, "Somoe, twende nyumbani." Nikasema, "Baba, mtihani." Akasema nitarudi mvua ikinyesha. Nikaanza kulia, kwa sauti, mbele ya wavulana, bila haya, kwa sababu nililiona lile fundo lilivyofungwa na hakuna pa kulifungulia. Mvua haitakuja kabla ya mtihani, wote waliamini hivyo, na mimi sitafanya mtihani kabla ya mvua. Baba mwenyewe alikuwa anatazama chini. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunipiga, na nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo sikujua naweza kuwa nayo.

Alinivuta kwa mkono mpaka jangwani, tukamkuta mama kwenye moto. Sijui nani alimwambia, au aliona tu jinsi nilivyoburutwa. Wanaume walikuwa wametufuata, wengi, na baba mkubwa mbele yao. Alivuta kuni zilizokuwa zinawaka akazitupa topeni, zikalia. Akachukua mti mrefu wa kukorogea, akauingiza chini ya pipa, akalipindua. Maji ya moto yenye chumvi yakamwagika yakatiririka mpaka miguuni kwao, wakaruka. "Mvua mnayoitafuta ndiyo hiyo," akasema. "Ichoteni. Na makanda yale pale, yachukueni, sipiki tena mpaka nife. Lakini mwanangu anarudi darasani, na wa wenzangu wanarudi, na atakayesimama mlangoni kuwazuia nitamfuata mimi kwao na mti huu." Alikuwa analia kwa hasira, pua ikimvuja. Baba aliniachia mkono. Nilibaki na alama za vidole vyake mpaka jioni.

Basi tukarudi, wengi wetu. Chumvi haikupikwa tena, mafuta ya karabai yakaisha, tukala mihogo iliyobaki asubuhi na kulala bila kitu jioni. Wanaume walikuja bado kukaa ukingoni, lakini sasa walikuwa kama wanaosubiri treni. Na mtihani ukafika. Akaja msimamizi kutoka wilayani na askari na bahasha zilizofungwa, tukakaa mbalimbali. Hesabu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nakumbuka nilikuwa kwenye swali la mkulima aliyegawa shamba lake, nikaona karatasi imeingia giza. Nikadhani macho. Msimamizi akatangaza muda umekwisha, akapita akikusanya, na alipokuwa analamba gundi ya bahasha tone la kwanza likapiga bati.

Sijapata kusikia mvua kama ile. Nje watu walipiga vigelegele, wanaume wazima walilala chali uwanjani midomo wazi, watoto walivua nguo. Mwalimu Komba alitoka barazani akacheka, akainua mikono juu, naye akafurahi kama wengine. Vigelegele vikakoma. Kimoja kimoja, mpaka ikabaki sauti ya mvua peke yake. Watu wote uwanjani walikuwa wamegeuka wanamtazama, wameloa, na alishusha mikono yake taratibu. Ukame ulikuwa umewapa mashaka tu. Mvua iliwapa hakika.

Mbegu zote zilikuwa zimekwisha kufa ardhini, hazikuota. Wiki ile ile, mvua ikiendelea kunyesha asubuhi na jioni, kijiji kilitoka kwa kazi ya pamoja. Nyumba ya mwalimu ilijengwa na kijiji, makuti yake yalisukwa na kijiji, na kijiji kikaenda kuyatoa. Walikuja mchana, na ngazi, wakamwamkia vizuri. Walipanda juu wakafungua kamba moja baada ya nyingine bila kukata hata moja, wakapokezana makuti mkono kwa mkono, wakayapanga chini kwa utaratibu. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Baba yangu alikuwa juu ya paa. Baba mkubwa alikuwa chini, na kuti la mwisho lilipotoka alisema, bila ukali wowote, "Ulikuwa nayo peke yako, mwalimu. Sasa ikunyeshee na wewe." Mwalimu Komba alikuwa ameketi ndani kwenye kitanda chake, vitabu viko mapajani amevifunika kwa shati, na maji yalikuwa yanamshuka usoni. Hakusema neno. Yule aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote.

Jioni mama alimchukua tetea mmoja wa kwetu, akamchinjisha, akampika kwa nazi, akanipa sufuria nimfuate. Njiani niliifunika kwa jani la mgomba. Safari hii Mwalimu alimpokea kuku. Alikula wote mpaka mifupa, mvua ikiingia kwenye mchuzi, na mama akasimama pembeni akimtazama kama anayemnywesha mtoto dawa. Kesho yake alichukua sanduku lake akaenda Nangurukuru kusubiri basi. Hakuna aliyemsindikiza zaidi yetu wawili. Habari zake sikuzisikia tena.

Mimi nilichaguliwa. Peke yangu. Baba ndiye aliyenibebea sanduku kwenda kwenye basi, mguu ukiburuta, na tulipofika akasema, "Soma sana. Umesomea mbegu za watu." Nilisoma sana, nikawa nesi, nikastaafu, na nimekuja kumsamehe, lakini nikisema nimesahau nitakuwa mwongo. Mwaka uliofuata hakukuwa na kambi kijijini, wala uliofuata, na hakuna aliyechaguliwa. Jangwa lipo mpaka leo, jeupe, na hakuna anayelikwangua.

Juzi niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, yuko kidato cha sita, wanataka kuingia chuo kikuu. Mkutano ulikuwa wa kambi ya mtihani. Karabai siku hizi hakuna, umeme upo, kuna mchele na mashine ya kuchapa maswali, na mchango unatumwa kwa simu ukiwa umekaa. Paa ni la bati, limepigiliwa misumari. Nilikuwa nawaza jinsi mambo yalivyokuwa mepesi, na kumwonea mama huruma. Wazazi hata hivyo walikuwa wamenuna, mavuno hayakuwa mazuri, kuna waliosema hawana. Mkuu wa shule ni mwanamke kijana, mchangamfu, mwenye maneno. Akataka kuwachangamsha. Akasema, "Wazazi wangu, msipochanga, matokeo ya watoto wenu nitayafungia kabatini kwangu."

Ukumbi mzima ukacheka. Nyuma kabisa kulikuwa na baba mmoja wa shamba, kofia mkononi, alicheka pia, lakini yeye aliwahi kunyamaza kabla ya wenzake. Huyu hakuwa mtani wa mtu pale, hakukuwa na kuku wa kumlipa yakaisha, nikajikuta nimesimama. Magoti yananiuma siku hizi, nilishika kiti cha mbele. Nikamwambia, "Mwanangu, sema unatania." Akashangaa, akatabasamu, akasema, "Natania, bibi, jamani." Nikamwambia, "Sema tena. Waliokaa nyuma hawajasikia."